Chumba cha Uani: Hita, Bumu na Mzungu wa Nne

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilikuwa wadeni, yaani msimamizi, wa bweni la wasichana hapa Iringa mpaka nilipostaafu, na sasa napangisha vyumba vya uani huku Kihesa. Wapangaji wangu ni wanafunzi watupu. Kwa hiyo ukiona najibu barua ya kumlalamikia mwenye nyumba, ujue na mimi nimo. Huu ni mwezi wa sita, baridi imeshika, UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinabisha hodi, na barua zenu zinaonyesha hivyo.

Nani anamaliza umeme?

*Shikamoo Mama wa Uani. Tumepanga watano Mtwivila, mita ya LUKU ni moja. Kila mmoja anatoa 2,000, tunanunua umeme wa 10,000, na wiki haiishi. Mwenzetu mmoja katoka Tanga, bila maji ya moto haogi, na ana hita yake ya kutumbukiza kwenye ndoo. Wengine wanasema yeye ndiye anayetumaliza, achange mara mbili. Mwenye nyumba naye amepiga marufuku hita. Haki iko kwa nani? Mpangaji, mwaka wa pili.*

Marahaba mwanangu. Mtu wa Tanga kumwambia aoge maji ya bomba la Iringa mwezi wa sita ni kumwonea, lakini tuache huruma tupige hesabu.

Ndoo ya lita 20, ukiitoa nyuzi 15 ukaifikisha 40, inakula zaidi kidogo ya nusu yuniti. Ukinunua umeme wa elfu moja kwa bei ya kawaida unapata yuniti 2.8. Yaani kuoga kwake ni shilingi mia mbili na kidogo kwa siku. Kwa wiki haifiki 1,600. Sasa hiyo 8,000 na ushee inayobaki inakwenda wapi?

Niambieni, maharage mnapikia nini? Nawauliza kwa sababu nimeshaingia kwenye vyumba vya vijana wangu mchana nikakuta jiko la umeme la pleti moja limewekwa moto wa mwisho, sufuria ya maharage inatokota, mfuniko umetupwa kando, na mwenyewe yuko darasani. Jiko la wati 1,500 likiwaka hivyo saa mbili linakaribia yuniti tatu, pesa inayopita shilingi elfu moja kwa chungu kimoja. Mtanga wenu anaoga siku nne au tano kwa bei ya maharage yenu ya Jumatatu. Tena huyo mnamwona kwa sababu anapita uani na ndoo inayotoa mvuke. Sufuria iko ndani, nani ataishtaki?

Lowekeni maharage tangu usiku, funikeni sufuria, na mkiweza changeni mtungi mdogo wa gesi. Halafu mchukue daftari, kila anayewasha pleti au hita aandike. Baada ya wiki hamtahitaji kuniandikia.

Upande wa mwenye nyumba, mwenzangu huyo simlaumu sana. Hita yenyewe hainitishi kama waya wa kurefushia umeme wa bei rahisi, ule mwembamba, umechomekwa hita, pasi na pleti kwa pamoja. Huo unapata moto mpaka plastiki inanuka. Na mtu anayetumbukiza kidole kupima maji hita ikiwa bado inawaka, huyo anacheza na maisha. Zima swichi, chomoa, ndipo uguse maji. Mwahidini hayo mwenye nyumba, mwonyesheni hesabu ya ndoo, huenda akalegea.

Halafu ile 1,500 inayokatwa mnaponunua umeme mwanzo wa mwezi ni kodi ya jengo, na jengo ni lake. Mimi wapangaji wangu nawapunguzia kwenye kodi ya chumba. Mwulizeni, kwa adabu.

Bumu nusu naituma nyumbani

*Mama shikamoo. Natokea Newala, nasomea ualimu hapa Iringa, mwaka wa pili. Baba hayupo. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, likiingia natuma nyumbani 300,000, kwa ajili ya mama na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Mimi nabaki na nusu. Siku nyingi napiga pasi ndefu, nakula mara moja saa kumi jioni basi. Juzi nilisikia kizunguzungu kwenye semina nikatoka nje. Mama anawaambia majirani kuwa mwanawe analipwa na serikali. Sijawahi kumsahihisha. Nifanyeje?*

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, kwa hiyo vumilia namba.

Fedha ya chakula na malazi kwa anayepewa kamili ni 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500, na nyinyi mliokuta elfu kumi mna nafuu yenu. Bumu la siku 60 ni 600,000. Ukituma 300,000 unabaki na 5,000 kwa siku. Toa chumba, tuseme 50,000 kwa mwezi kama kwangu, miezi miwili laki moja. Sasa una 3,300 kwa siku, na humo kuna sabuni, vocha, fotokopi za madesa (vitini vya masomo), na kuchapa kazi ambayo mhadhiri anaitaka kwenye karatasi ingawa umeshamtumia kwa barua pepe. Hapo ndipo pasi ndefu ilipozaliwa. Huna tatizo la matumizi, usijilaumu kwa soda uliyokunywa mwezi wa tatu.

Kuna siku hukuziweka kwenye hesabu yako: zile ambazo bumu halijafika. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo Bodi ya Mikopo husubiri matokeo kutoka chuoni ndipo imlipe anayeendelea, na chuo kikichelewa kutuma, mnakaa. Nimewaona wapangaji wangu kipindi hicho. Wiki ya kwanza wanapika pamoja wanacheka, wiki ya pili kila mtu anafunga mlango anapokula. Anayetuma nusu nyumbani anaingia kwenye siku hizo bila hata mfuko wa unga.

Fanya hivi. Tafuta wenzako wawili wanaojua kukaa na pesa ya watu. Siku bumu linapoingia, kabla ya suruali na kabla ya M-Pesa ya mtu yeyote, mnunue chakula cha miezi miwili: unga, mchele wa Pawaga, maharage, dagaa, mafuta, chumvi. Mnunue Soko Kuu kwa wingi, siyo kilo kilo kwenye genge la mtaani. Mnapika kwa zamu, na anayekosa zamu anaosha vyombo siku mbili. Nina vijana watatu wa aina hiyo chumba cha mwisho, wanatoka Masasi, Kibondo na Karagwe. Wanagombana kuhusu pilipili kila jioni, ila sijawasikia wakigombana kuhusu njaa.

Kiasi cha kutuma kiwe kile kile kila bumu, kisichobadilika kwa simu ya kilio. Mimi ningesema 60,000. Fungu la kumi la mama. Ada ya sekondari ya serikali ilifutwa, kwa hiyo mdogo wako ana sare, madaftari na michango. Uliza kila kimoja ni shilingi ngapi na kinatakiwa lini, uchague unachokibeba wewe. Kutuma fungu zima bila kujua linakokwenda ndiko kunakokumaliza.

Sasa mama. Unaogopa kumwambia kwamba ile pesa ni deni, unaona utamwaibisha mbele ya majirani. Wewe umetoka Newala na umesahau mama yako ni nani? Huyo ni mkulima wa korosho. Ameuza kwa stakabadhi ghalani miaka yote hiyo, anajua maana ya kuona bei kubwa kwenye mnada na kushika pesa pungufu kwa sababu ya makato. Mwambie kwa lugha hiyo: "Mama, hii ni pesa ya pembejeo. Nikianza kuvuna watakata." Ukiajiriwa, Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, kabla yake ilikuwa 8. Kwa mshahara wa 700,000 ni 105,000 kila mwezi, kabla hujanunua hata chumvi. Angalau ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inalivimbisha deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021.

Mwambie ukiwa umemfuata, siyo kwa simu. Likizo ndefu inakuja. Mpaka ufike huko, anza kula mchana. Kizunguzungu cha kwenye semina kikirudi hata baada ya kula, nenda zahanati ya chuo; kadi ya bima umeilipia.

Chumba cha wanne, tunalala sita

*Naomba ushauri. Niko bwenini, mwaka wa pili. Chumba chetu ni cha watu wanne, deka (vitanda vya ghorofa) mbili. Mwenzangu mmoja anabeba rafiki yake, yaani anamlaza kitandani kwake bila kupangiwa, tangu muhula uanze, na sasa wa pili naye kaleta ndugu. Wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Ndoo yangu naikuta imetumika, kandambili zangu zimelowa, na usiku siwezi kupiga msuli (kusoma) kwa sababu ya stori. Nikisema nitaonekana mchoyo. Nikimwambia wadeni nitaitwa msaliti.*

Hapa umegonga mlango wenyewe.

Kwanza nikutoe wasiwasi: wadeni anajua. Hakuna wadeni asiyejua. Nilikuwa nikipita korido saa kumi na moja alfajiri nahesabu kandambili nje ya milango, na chumba cha wanne chenye jozi saba hakihitaji upelelezi. Kanuni za mabweni zinakataza kubebana karibu kila chuo, na bado kila chuo wanabebana, kwa sababu vitanda havitoshi na vyumba vya mtaani vina bei. Wadeni wengi hufumba jicho moja mpaka mtu alalamike. Akilalamika mtu, inabidi wafumbue yote mawili, na anayeumia wa kwanza ni mwenye kitanda, maana yeye ndiye aliyesaini.

Kwa hiyo anza na wenye vitanda, wala usianze na wageni. Mgeni ukimsema atalia na wewe utakuwa mbaya wa mwaka. Mwite mwenzako nje, kwenye vimbweta (viti vya saruji vya kusomea), umuulize swali moja: rafiki yako anasubiri nini? Kuna mbebwaji anayesubiri jambo: rufaa yake ya mkopo haijajibiwa, au bumu lake limekwama kwenye namba ya akaunti iliyokosewa. Huyo ana mwisho, na mwisho wake unaweza kutajwa tarehe. Nilishawahi kumwona binti aliyebebwa muhula mzima kwa sababu hiyo, na leo ni mtu mzito wa ofisi. Na kuna mbebwaji anayepata bumu kamili, akalinunulia simu, akaona kitanda cha mwenzake ni cha bure. Huyo hasubiri chochote. Wa kwanza vumilieni kwa masharti. Wa pili aende mwezi huu huu, kabla ya UE.

Masharti yenyewe myaseme wote mkiwa chumbani, wageni wakiwepo: kila mtu na ndoo yake, zamu ya kudeki inawahusu na wageni, saa nne usiku mazungumzo yanahamia korido. Kandambili zako ziandike jina kwa kalamu nene. Unacheka, lakini kandambili zenye jina huwa hazitembei.

Wakikataa, nenda kwa wadeni ukaombe kuhamishwa chumba. Omba hivyo tu: nataka chumba kingine, hiki sisomi. Hujamtaja mtu. Atakuangalia, atakwenda mwenyewe kuhesabu.

"Njoo tuzungumzie kozi weki yako"

*Mhadhiri mmoja ameniambia kozi weki yangu (alama za testi na kazi za muhula) ina matatizo na nikamwone saa moja jioni, tena siyo ofisini bali kwenye nyumba ya wageni mjini. Karatasi za testi zote mbili ninazo na nimefaulu. Ameniandikia mara tatu. Nikikataa atanifelisha? Usitaje chuo.*

Sitaji. Usiende, wala usiende "kumsikiliza tu".

Meseji zote zipige picha, umtumie mtu mmoja unayemwamini usiku huu huu, kabla hujamjibu. Testi zako mbili zitoe nakala. Kisha mjibu kwa maandishi, kifupi: "Nitakuja ofisini kesho saa nne asubuhi pamoja na CR (kiongozi wa darasa)." Akikubali, nendeni mkiwa wawili. Akinyamaza, umejua matatizo ya kozi weki yalikuwa ya nani.

Jambo hili lina jina kisheria: rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio. Hapo chuoni anza na dawati la jinsia kama lipo, au mkuu wa idara, au mshauri wa wanafunzi; chagua mmoja ambaye siye rafiki yake wa chai. Kuhusu kufelishwa: kozi weki hubandikwa kabla ya UE, na ukiona alama zako haziendani na karatasi ulizonazo, unadai marekebisho kwa maandishi. UE nayo ina rufaa. Siwezi kukuapia kuwa hatajaribu. Ninachojua ni kwamba anayejaribu hutegemea msichana asiye na karatasi na asiyemwambia mtu.

Atakayekuuliza ulivaa nini siku hiyo, muage, nenda mlango unaofuata.

Jina lake liko kwenye kava, mkono wake haumo

*Kazi ya kundi tupo wanane, tunafanya watatu. Wengine wanatoa 500 ya kuchapa na majina yao yanaingia. Ni sawa?*

Siyo sawa, na haijawahi kuwa sawa tangu enzi za taipureta. Waambieni mapema kila mtu ana ukurasa wake na ataueleza yeye siku ya kuwasilisha. Mhadhiri akipenda kuuliza maswali, na wengi wanapenda, wenye mia tano watajulikana bila nyinyi kusema neno. Na nyinyi watatu acheni kupokea hiyo 500, ndiyo inayowapa haki.

Binti yangu kapata sapu mbili, akacheka

*Kamwene mama. Mimi ni mkulima wa viazi, Njombe. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza huko Iringa. Amenipigia simu kusema matokeo ya muhula wa kwanza yametoka, ana sapu mbili, halafu akacheka. Jirani yangu aliyesomesha anasema sapu maana yake kafukuzwa. Nifunge safari nikamwone mwalimu wake?*

Kamwene baba. Jirani amechanganya sapu na disko. Aliyepata disko ndiye anayefungasha. Mwenye sapu anarudia mtihani wa somo aliloanguka, basi.

Ilivyo ni hivi: muhula mzima wanafanya testi na kazi ndogo ndogo, mara nyingi zikiwa na uzito wa 40 katika mia, halafu mtihani wa mwisho 60. Jumla isipofika 40, somo hilo lina sapu. Mtihani wa kurudia hufanyika likizo ndefu, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Hata akipata 90 huko, ataandikiwa C, ndiyo adhabu yake. C mbili za mwaka wa kwanza zinafukiwa na alama nzuri za miaka inayofuata, kama akianza kuzitafuta sasa. Wengi walioondoka hapa na digrii nzuri walipita humo.

Kucheka kusikuudhi. Watoto hawa wakiwa wao kwa wao sapu wanaitania mpaka inakuwa kama mafua. Kwa baba wa viazi, aliyeuza magunia kulipa kilichopungua kwenye ada, mtoto hucheka kwa sababu kulia kwenye simu ni kugumu zaidi. Jambo la maana ni kwamba alikwambia. Nimewajua wazazi walioalikwa na mtaa mzima kujiandaa na mahafali, na mtoto ana disko la mwaka uliopita.

Mwalimu usimfuate, chuo siyo sekondari, hakuna siku ya wazazi. Ila safari funga, umwone binti. Muulize ni masomo gani mawili. Ikiwa moja ni takwimu au hesabu, na mara nyingi ndivyo, atafute mwenzake wa mwaka wa pili aliyefaulu, wakae jioni. Muulize na kozi weki zake zilikuwa ngapi. Aliyeingia kwenye mtihani na 30 akaanguka, siku ya UE kuna kilichomtokea. Aliyeingia na 14 alikuwa hasomi tangu mwanzo. Hayo ni mazungumzo mawili tofauti, usiyachanganye.

Kuna gharama moja ambayo wazazi hawaambiwi. Likizo ndefu mabweni mengi hufungwa, na mtihani wa sapu uko humo humo. Atahitaji pa kulala wiki mbili hivi na nauli ya kurudi. Itenge kuanzia sasa, kabla viazi havijashuka bei. Mimi huwa nabaki na chumba kimoja wazi wakati huo, lakini hapa siyo mahali pa kujipigia debe.

Basi litakushusha stendi ya Igumbilo, kule chini. Panda daladala ya mjini, mwambie binti akupokee. Na viazi njoo navyo, gunia dogo tu. Chumba kizima kitakula mpaka UE iishe.